Majivu Kwenye Lango la Zizi

Nilikosa mimi. Msitafute mwingine wa kumlaumu.

Ule mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, sisi wakulima tulijiona matajiri! Kila siku ya gulio nyama choma, maini, bia. Asubuhi moja nikaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinawaka moto. Hata shuka likikigusa nalia!

Shangazi, dada wa baba aliyenilea, alikuwa na kawaida ya kumwaga majivu kwenye lango la zizi kuzuia siafu. Jana yake nilikuwa nimeyakanyaga pekupeku. Nikasema nimetegwa.

Mganga akapasua kuku, akaniuliza, "Nani kwenu anachechemea?"

Nikamtaja shangazi. Alikuwa na goti bovu, linakakamaa asubuhi na kutoa mlio kila akiinama.

"Basi dawa aliyokutegea imemrudia," akasema mganga. Nikaamini! Mtu mzima mimi!

Nikamfukuza. Alitembea na goti lile mpaka Mwamapalala kwa binti yake. Hakubishana. Mimi niliendelea kunywa.

Kidole kikapoa chenyewe, kikarudi, kikarudi tena. Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari akasema ni gauti: tindikali imezidi kwenye damu, inaganda kwenye kiungo, na bia na nyama zinaichochea. Akanipa vidonge, akanikataza pombe na maini, akaniambia nipunguze mwili na ninywe maji mengi.

Nikamuuliza habari za goti la shangazi.

"Inaelekea gegedo, ule mfupa laini wa gotini, limesagika; ni umri na kazi ya jembe. Anahitaji fimbo, mazoezi mepesi, dawa ya maumivu. Ila msimtembeze mwendo mrefu."



Nikamfuata shangazi Mwamapalala. Nilimkuta uani ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, hasimami tena bila kushikwa. Kabla sijayatoa maneno ya toba niliyoyapanga njia nzima, akautazama mguu wangu.

"Ng'wanone, mwanangu, kidole kilipona?"

"Kilipona, mayu, mama yangu."

"Haya. Nilikuwa nakiwaza."

Sikulia. Mpaka leo silii, nimekuwa kama gogo. Alikataa kurudi kwangu, na sikumlazimisha.

Jamani, kiungo kikivimba nendeni hospitali kwanza! Msianze kuwatazama wazee wenu wanavyotembea. Mimi sasa natembea vizuri. Kila asubuhi namwaga majivu langoni mwenyewe, na siafu hawapiti.