Nilikimbia na Mtu Nisiyemjua

Siku hiyo fala nilikuwa mimi. Tuanzie hapo, ndio msinisumbue kwa comments.

Nilipigwa rungu ya kwanza nikadhani ni shabiki.

Naitwa Gakuru, nauza mbao Kitengela. Mwaka huu nilijiandikisha mbio za kilomita ishirini na moja kule Kajiado, mimi ambaye nikipanda ngazi napumzika katikati. Majirani wa duka walicheka, wakasema nitarudishwa nimelazwa kwa pickup. Nikaapa kwamba hiyo mbio nitaimaliza kwa magoti yangu mwenyewe.

Kumbukeni hayo magoti.

Kila asubuhi nilishika barabara ya vumbi ya kwenda mbugani, earphone masikioni, nikipita maboma ya Wamaasai. Boma la mwisho ni la mama mmoja, Naisenya. Nilikuwa namkuta akikamua, ananirushia "Sopa".

Huku hiyo salamu huwezi kuiruka. Hata mtu mnayechukiana naye unamuitikia kwanza. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Sikuwahi kumjibu.

Sasa Jumamosi ya mazoezi ya mwisho, jamaa akatokea ubavuni mwangu. Jeans, sandali za tairi, na anapumua kama mtu amekaa kwa kiti. Nikatoa earphone moja.

"Kaza roho, braza," akaniambia. "Twende pamoja."

Akanigonga bega. Wueh, nikafura kifua. Nimepata wa kunivuta!

Tulipopita kwa Naisenya, mama aliacha ng'ombe, akarusha mikono yote miwili juu, mdomo wazi. Earphone nilikuwa nimerudisha. Nikasema kimoyomoyo, hatimaye ananishangilia. Nikamwinulia kidole gumba.

Mbele kidogo jamaa akakata kona, akapotelea kwa miiba. Nikasikitika kidogo, nikaendelea peke yangu na barabara.

Ndipo rungu ikanipata mgongoni.

Earphone ziliruka. Nilianguka kifudifudi, nikala mchanga. Nyingine ikatua mbavuni, nikasikia kitu ndani kikilia kama mbao kavu. Nilipoinua kichwa kuuliza, kiatu kikanijibu mdomoni. Jino la mbele lilitoka, nikaliona liko pale mchangani, jeupe, halina wasiwasi.

Walikuwa vijana kama kumi. Aliyenikalia shingoni na sime aliitwa Kasaine. Alfajiri hiyo wezi wa kondoo walikuja na Probox, wakamkata ndugu yake mkono hadi mfupa. Gari likatoroka, likaacha mmoja akikimbia kwa miguu.

Nikalia kwamba mimi ni mtu wa mazoezi, naenda race Kajiado.

"Na hii?" Kasaine akaniuliza.

Alishika bega la jezi yangu ya manjano. Damu. Vidole vitano, vimechorwa vizuri.

Lile bega nililogongwa.

Wacha niwaambie ukweli, nilijikojolea. Kasaine akaitisha mawe mawili. Mguu wangu ukawekwa juu ya moja, lingine likainuliwa.

"Anapenda kukimbia," akasema. "Tuvunje magoti, apumzike."

Nikafunga macho. Jiwe halikushuka.

Naisenya alikuwa amefika, amemshika Kasaine mkono, anahema. Aliwaambia ananijua, napita kwake kila asubuhi, na tabia sina. Kisha akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Lakini huyu si mwizi. Mwizi hakimbii polepole hivi. Kondoo wenyewe wangemuacha."

Kuna mmoja alicheka. Hiyo kicheko ndiyo iliniokolea magoti, wasee. Nikawaonyesha ile kona, wakaifuata. Yule jamaa walimpata ndani ya mtaro wa machimbo, na mawe yangu akapewa yeye. Nilisikia akilia kutoka mbali. Sitaki kuandika zaidi.

Kajiado sikukimbia. Mbavu mbili, jino moja. Lakini mkipita kwa watu, salimianeni. Anayekujua ndiye wakili wako, na hana ofisi.

Hata hivyo, siku hiyo nilikuwa bado na kiburi. Naisenya ananiosha na maji ya chumvi, mimi nalalamika kwa mdomo uliofura.

"Yeyo," nikamwambia, maana ndivyo mama anaitwa huku, "si ungeniita mapema, kabla sijaumizwa?"

Akakamua kitambaa, hata hakuniangalia.

"Kila asubuhi nimekuita na mdomo, hukuitika. Leo umeitwa na rungu, umeitika mara moja."