Historia ya Marehemu Bila Sifa

"Hapana, Natasha, hapana! Umemnyang'anya mama yangu sifa zake zote!" Gladness aliitupa karatasi mezani. "Mcha Mungu yuko wapi? Mkarimu yuko wapi? Hata mkato mmoja hukuweka. Msomaji atapumulia wapi?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Hounslow, London. Saa saba Wapare wangejaa sebuleni kumwombea bibi yake Natasha, aliyezikwa Same, Upareni, wiki iliyopita. Gladness, mfanya usafi wa uwanja wa ndege, hakwenda kuzika; hati zake zilikuwa bado uhamiaji, Croydon. Wala hakulia. Alifua, akapika, akaenda zamu. Kitu kimoja tu alikitaka: historia ya marehemu, aliyomwachia binti yake aiandike, isomwe kwa heshima.

"Ndiyo mitindo tunayosoma chuoni," Natasha akasema. "Wafuturisti, mama. Mwaka 1909 Mwitaliano mmoja alitangaza kwenye gazeti la Paris kwamba ya kale basi. Makumbusho yabomolewe, maktaba zichomwe, ushairi usifu magari, mashine, mwendo kasi. Baadaye wakasema vivumishi toa, nukta toa, kitenzi kibaki kitupu."

"Na wazee?"

"Walisema wao wenyewe wakifika arobaini, vijana wawatupe kama makaratasi."

"Mimi nina arobaini na tisa. Nitupe basi."

"Walisifu vita pia, wakadharau wanawake. Hayo nimeyaacha."

"Afadhali. Au umewafuata kwa sababu Kiswahili chako kinaishia hapo?"

Natasha akainama. "Kila msiba, mama, marehemu ni mkarimu. Nilitaka bibi awe yeye."

Muda wa kuandika nyingine haukuwapo. Wageni walipokaa, Natasha akasoma:

"Kuamka kuchota kuwasha kuzaa sita kuzika wawili kupanda kushuka kulima tangawizi kulima kwa jirani kungoja simu kungoja kungoja"

Hakuna aliyeitikia amina. Ndege ikapita juu ya paa, vikombe vikatetemeka. Gladness aliona visigino vya mama yake vikipanda mlima. Hakusikia uchungu. Aliviona tu.

Mjomba Philemon, msemaji wa familia, akauliza kama desturi: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aseme. Kauli hiyo huwa ya kupitisha tu. Nani ataungama mbele ya pilau? Lakini mzee Zephaniah, wa kijiji kilekile, akanyanyuka, kofia mkononi.

"Hapo kwenye kulima kwa jirani. Jirani ni mimi. Mwaka niliovunjika mguu alinilimia siku mbili. Sikumrudishia, nikaja huku."

Wote wakamgeukia Gladness.

"Siku mbili?"

"Mbili, binti yangu."

"Nimekusamehe, baba. Kaa, chakula kinapoa."