Sabuni Iliyotangazwa kwenye Foni

Mume wangu alikuwa na sauti nzuri, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Parokiani ndiye aliyesoma masomo siku za sikukuu, na hata wale waliozoea kusinzia kanisani walikuwa wakifumbua macho akianza. Kazini alikuwa fundi wa mashine za kusagia mawe, lakini katika miaka ile ya tisini kazi ilikuwa imebaki jina tu. Kampuni ya madini iliacha kulipa mishahara, kisha ikaacha na mposho, ule unga na samaki tuliokuwa tukigawiwa tangu enzi za baba zetu. Hata hivyo wanaume wa mtaa wetu hapa Likasi waliendelea kuamka mapema, kuvaa makoti ya kazi na kwenda kuketi mbele ya lango la kiwanda. Mchana walirudi, na ukimwuliza mtu ametoka wapi anakuambia ametoka kazini. Siku nyingine niliwaonea huruma na siku nyingine niliwakasirikia, maana huruma haipikwi.

Sisi tulikula kwa sabuni yangu. Nilifundishwa kuitengeneza na masista nikiwa msichana, nikaisahau miaka ya neema, nikaikumbuka njaa ilipobisha hodi. Unapasha mafuta ya mawese, unayeyusha soda kali, ile inayounguza ngozi, kwenye maji, unachanganya na kukoroga kwa mti mpaka inakuwa nzito kama uji uliopoa. Unaimimina kwenye sanduku la mbao, ikiganda unaikata miche kwa waya. Halafu unangoja. Hapo ndipo wengi wanashindwa. Mche wa sabuni unakaa kwenye rafu mwezi mzima, soda ipoe na maji yatoke, nawe unaupita kila asubuhi ukiutamani na watoto hawajala.

Wanawake wa mtaani walikuja na bakuli la unga au kikapu cha makala ya kuwashia moto, wakaondoka na mche. Fedha zenyewe zilikuwa zikioza mkononi, heri unga. Sikuwahi kuipigia kelele sabuni yangu, na ikishakauka haikubaki rafuni.

Basi ikaja foni. Ilikuwa redio ya kuzungumzia na miji ya mbali, yenye betri ya gari na waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Mwenyewe alikuwa mjane mmoja mwenye asili ya Kasai, aliyebaki peke yake ndugu zake walipofukuzwa jimboni kwa sababu ya asili hiyo, wakaondoka na treni. Nusu ya barabara yetu ilikuwa imekwenda hivyo. Waliobaki walikuja kwake kutafuta habari za waliokwenda, wakaketi kwenye benchi wakisubiri zamu, na kila neno la mtu lilisikiwa na benchi zima, pamoja na wote waliofungua redio zao Kolwezi, Kamina, Fungurume na kwingineko. Foni haina siri. Anasema mmoja, akimaliza anasema « à vous », ndipo mwingine anajibu. Nimewahi kuona mama akiambiwa kifo cha mwanawe pale, mbele za watu, na baada yake zamu ikaenda kwa mwingine aliyetaka kujua bei ya mahindi.

Mjane alimwomba mume wangu amsomee matangazo ya misiba, kwa sababu ya ile sauti. Alianza hivyo, kwa wema tu. Jioni moja akarudi macho yakimwaka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mishahara ikatike.

« Mama, sikia, » akaniambia. « Kwa foni kuko bantu ba Kolwezi, ba Kamina, bote banasikia mara moya. Minye nikisema sabuni yako pale, bote banaijua. »

Nikamjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

« Kizuri kikikaa mu nyumba, nani atakiona? »

Niliendelea kukata miche. Na kusema kweli sikutaka kumvunja. Mwanaume aliyekuwa akiketi mbele ya lango lililofungwa alikuwa amepata kitu cha kufanya, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu jikoni na wasiwasi wangu. Nikampa mche mmoja ampelekee mjane kama malipo ya tangazo.

Kesho yake nilikwenda kumsikiliza, mara hiyo moja tu. Alikuwa amefunga tai. Alijifunga tai ili azungumze kwenye redio, ambako hakuna anayemwona mtu! Akashika kinasa sauti, akasafisha koo kama siku ya Pasaka, akasema: « Allô, allô, Likasi inasema. Bamama bote, kuko sabuni ya kweli, sabuni ya Likasi, inatoa povu hata na maji ya mu kisima. Anayetaka, aseme. À vous! » Benchi likacheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni nilijisikia kama siku ya harusi yangu.

Wakasema. Kwanza Fungurume, kisha Kamina, kisha Kolwezi, ambako mama mmoja aliomba katoni nzima. Sabuni ilipanda malori, na lori likirudi lilileta gunia la mahindi, au mafuta, au noti zilizofungwa kwenye kitambaa. Sitaki kusema uongo, nilifurahi. Tulikula mara mbili kwa siku. Watoto walipata daftari. Muuza samaki wa ziwa la Tshangalele na fundi cherehani walikuja nyumbani kumbembeleza mume wangu awatangazie na wao, akawapangia zamu kama padri anayepanga ubatizo.

Rafu ikabaki tupu, na maagizo hayakukoma. Yeye alikuwa akiahidi kwenye foni kabla ya kuniuliza. « Juma hili lori linatoka, » anasema huko, halafu anakuja kuniambia nyumbani. Nikamwonyesha miche iliyokuwa na siku chache tu tangu ikatwe, bado laini, kidole kinaingia.

« Hii haiyakauka, baba. »

« Itakaukia mu njia. »

Nilimwangalia. Nilijua kwamba sabuni haikaukii njiani, imefungwa kwenye katoni, chini ya turubai. Lakini mlo wa pili una nguvu, ukishauzoea hutaki kurudi kwenye mmoja. Nikaongeza soda kidogo kwenye chungu kilichofuata ili igande upesi. Masista walinifundisha kupima soda kwa uangalifu kuliko chumvi ya mboga, na mimi niliiongeza kwa jicho. Tukafunga katoni na kuzipeleka barabarani kwa baiskeli.

Baadaye maagizo yakapungua. Mume wangu akasema ni barabara, mvua imekata madaraja. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini? Akaacha kufunga tai. Akaanza kurudi kutoka foni kimya, anakula huku akiangalia sahani. Nilidhani ni uchovu.

Halafu akashikwa na malaria, akalala anatetemeka chini ya blanketi mbili. Nikasema nitakwenda mimi kuuliza kama kuna maagizo. Akainua kichwa. « Hapana, mama, acha. Nitaenda kesho. » Kesho yake hakuweza hata kuketi, nikajifunga kitenge nikaenda.

Benchi lilikuwa limejaa. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa pale, akisubiri sauti ya mwanawe aliyehamia Mwene-Ditu. Mjane aliponiona hakunisalimu vizuri. Alikuwa akigeuza kitufe, redio ikikoroma, kisha ikatoka sauti ya mwendeshaji wa foni ya Kolwezi: yule mama aliyeagiza katoni ya sabuni amefika tena.

« Tena? » nikauliza.

Mjane akanitazama kwa huruma. « Weye haujue? Anakuyaka kila juma, mama. Bwana yako njo anamujibuka. »

Nikasogea hadi mezani. Nikafikiri haraka, kama mfanyabiashara, na ninaona haya kuwaza nilichowaza: kwamba huyu mama anataka kunichafulia jina mbele ya watu wote hawa, na lazima nimzibe mdomo kwa adabu. Nilipanga maneno. Ningesema maji ya Kolwezi ni makali. Ningesema labda amechanganya na sabuni ya mwingine. Nikashika kinasa sauti, nikasema mimi ndiye mama wa sabuni, namsikiliza, à vous.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya taratibu, haina ugomvi hata kidogo.

« Aksanti mama, leo nakupata weye mwenyewe. Minye nataka tu kuuliza. Kazi yangu ni kufula manguo ya bantu. Sabuni yako inaniunguza mikono. Niliambia bwana yako, akasema nivumilie, mikono itazobelea. Njo nikaendelea. Sasa ngozi inatoka, bidole habikunjike, na bantu beko banatwaa manguo yabo kwangu, banasema naitia maji ya kidonda. Dawa yake ni nini, mama? À vous. »

Hakuwa amekuja kunishitaki. Kila juma alitembea mpaka kwenye foni kuuliza dawa, na kila juma aliambiwa avumilie, naye akarudi nyumbani akatumbukiza mikono ileile kwenye soda yangu, kwa sababu sauti nzuri ilimwambia hivyo.

Maneno niliyoyapanga yakapotea yote. Nikamwambia aache kabisa kuitumia, aoshe mikono kwa maji safi mengi, apake mafuta, aende kwa masista wa zahanati. Nilisema haraka haraka, nikamaliza, nikasahau kusema à vous. Mjane akaisema kwa niaba yangu.

« Nimesikia, mama, » akajibu. « Lakini ile katoni, nusu niliuzishaka ku bamama bengine pa soko. Banaogeshaka nayo na batoto. Nibaambie nini? À vous. »

Redio ikakoroma. Nyuma yangu benchi zima lilikuwa likisikiliza. Nilijua ni nani walioketi pale, walikuwa wateja wangu, wale wa bakuli la unga na kikapu cha makala. Nilijua pia kwamba Kamina inasikia, na Fungurume. Ningeweza kumwambia nitamwandikia kwa lori. Ningeweza kusema betri inakufa, kila mtu angeniamini. Niliwafikiria wanangu. Niliwaza mtoto wa mtu huko Kolwezi anaogeshwa.

« Baambie batupe yote, » nikasema. « Haikukauka, na soda ilizidi. Ni minye njo niliifanya hivyo, mu Likasi. Anayenisikia na iko na sabuni ya Likasi mu nyumba, atupe. À vous. »

Alinishukuru. Akanitakia siku njema, akaniomba nimsalimie bwana wangu. Nikaweka kinasa sauti mezani na kutoka bila kumtazama mtu.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameketi kitandani, jasho linamtiririka. Aliuona uso wangu akaelewa. « Nilitaka jina ya sabuni yako isiharibike, » akasema. Siku hiyo nilimchukia, kisha nikakumbuka kwamba ile soda niliiongeza mimi, si yeye, nikajichukia na mimi, chuki ikatutosha wote wawili. Nikamletea maji ya kunywa.

Nimekuwa na muda mwingi wa kufikiri juu ya biashara ile, na watoto wangu, ambao siku hizi wanauza vitu kwenye simu zao kwa watu wasiowaona, huniuliza ilikuwaje. Ninawaambia kwamba kutangaza si kazi. Kazi inaanza pale mteja anaporudi na neno baya, nawe ukampa kiti akae. Sisi tulikuwa na mdomo mzuri unaofika hadi Kamina, na hatukuwa na sikio hata moja. Wananiitikia ndiyo mama, huku wakiendelea kubonyeza. Hawajawahi kuharibu mikono ya mtu, ndiyo maana hawanielewi.

Yule mama wa Kolwezi hakusikika tena. Niliuliza juma lililofuata, na lililofuata, mwendeshaji wa kule akasema hajamwona. Sijui kama mikono ilipona. Mume wangu alipopata nafuu alichukua sepetu akaenda kwenye machimbo ya Kamatanda kuchimba madini na wengine, na kanisani akamwachia mwingine kusoma masomo. Hakuna aliyemwuliza sababu.

Nilipika chungu kingine, nikapima soda vizuri, nikaiweka miche rafuni mwezi wake wote na zaidi. Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyenitukana pia, watu wetu wana adabu. Walinisalimia kwa upole mno, wakapita kwenda kununua sabuni ya dukani, ile nyembamba inayoisha kwa kuoga mara mbili.

Kisha siku moja alasiri jirani yangu wa ukuta mmoja akaja, yule aliyekuwa kwenye benchi. Alishika mche wa sabuni uliofungwa kwenye karatasi. Nilimpa mwenyewe zamani, kabla ya maagizo yote, kwa bakuli la unga, naye akauhifadhi. Ulikuwa umekauka vizuri, mgumu, hauna kosa lolote.

« Usinikasirikie, mama, » akasema. « Ni juu ya bajukuu. »

Ningeweza kumweleza. Ningeweza hata kuulamba ule mche mbele yake, aone. Nikaupokea. Nikaingia jikoni, nikachukua bakuli, nikampimia unga wake kutoka ule wa bukari, ugali wetu wa jioni, akaufunga kwenye pembe ya kitenge akaondoka. Uliobaki haukutosha bukari, nikapika uji.