Matawi ya Mtiki Mbele ya Lori

Shati la kazi la baba lilinuka dizeli na pumba za mpunga, na mama alishakata tamaa ya kuitoa harufu hiyo kwa sabuni. Alilifua, akalianika, akalipiga pasi ya mkaa, na bado mtu akipita karibu nalo alijua limetoka kwenye lori. Mimi nililipenda. Baba akiwa safarini nililishusha kwenye msumari nikalala nalo, kwa sababu katika nyumba yetu ya Kibaoni, nje kidogo ya Ifakara mjini, shati lile lilikaa siku nyingi kuliko mwenyewe. Baba alikuwa dereva. Alibeba mpunga kutoka Mchombe na vijiji vingine vya njia ya Mlimba, akauleta kwenye mashine ya kukoboa iliyokuwa jirani na kwetu, kisha akapakia mchele kwenda Dar es Salaam. Lori lilikuwa la mtu tuliyemwita tajiri, kama madereva wote wanavyomwita mwenye gari, na tajiri huyo aliishi huko huko Dar. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa sauti tu, maana simu ya baba ilikuwa mbovu kwenye spika na kila aliyekuwa karibu alisikia.

Mama aliuza chai na vitumbua mbele ya mashine, kwenye benchi mbili chini ya turubai, na madereva waliosubiri kupakia walikaa pale. Hapo ndipo nilipojifunza mambo ya watu wazima, nikiosha vikombe. Madereva walilalamika asubuhi, wakalalamika mchana, wakinywa chai walilalamika na wakimaliza waliagiza nyingine ili waendelee. Aliyewazidi wote alikuwa Shija, Msukuma mrefu rafiki wa baba, ambaye alikuwa akiendesha lori la tajiri mwingine. "Gari ikizima anauliza gari imekuwaje," alisema. "Mimi niliyelala nayo porini haniulizi nimekuwaje. Breki nimemwambia tangu Pasaka, anasema nenda nazo hivyo hivyo. Huyo hajawahi kuvuka Mikumi, Mama Adela, halafu ananiambia njia ya Mlimba inapitika!" Wenzake walicheka na kila mmoja akaleta la kwake. Ukifika mapema hakuna asante. Ukichelewa, wewe mzembe. Gunia likilowa ni dereva, tairi likipasuka ni dereva, mvua ikinyesha karibu nayo iwe dereva.

Baba hakuchangia sana pale benchini. Yeye alilalamika nyumbani, akivua viatu, na alimlalamikia mama peke yake. Kilichomuuma kilikuwa kidogo hata mama alikuwa akimshangaa: kwamba kwa miaka saba tajiri alimwita "dereva". "Dereva, uko wapi?" Hakukuwa na habari za asubuhi wala pole ya safari. Jina lake alilijua, maana aliliandika mwenyewe kwenye karatasi za gari. Lakini lori lenyewe baba hakulisema vibaya hata siku moja. Alilifuta vumbi kwa kitambaa alichokificha chini ya kiti, na akisikia mlio usio wa kawaida kwenye injini aliinamisha kichwa kama daktari. Kazi aliipenda. Nadhani ndiyo maana alichoka vile, kwa kuwa asiyeipenda angeiacha akaenda kulima.

Mwaka niliotimiza miaka tisa nilikuwa najiandaa kupokea Komunyo ya kwanza, na mwaka huo siku yenyewe iliangukia katikati ya mavuno, magari yanapotafutwa kuliko dawa. Fundi alikuwa amenishonea gauni jeupe lenye mikono ya kuvimba. Katekista alisema kila mtoto ataingia kanisani akiwa katikati ya baba na mama, na mimi niliyakariri maneno hayo kuliko sala zenyewe, kwani baba alikuwa hajawahi kuwepo kwenye jambo langu lolote. Nilipoanza shule alikuwa Tunduma. Nilipolazwa na malaria alikuwa amekwama Mlimba. Safari hii aliomba ruhusa wiki tatu kabla, akiwa amesimama wima uani kana kwamba tajiri anamwona, na sauti ile ya spika mbovu ikajibu kwamba haina shida, atapumzika. Mama alipiga kigelegele kidogo jikoni. Kisha Ijumaa, siku mbili kabla ya Komunyo, simu ikalia. Dereva apakie kesho na aondoke saa kumi jioni, mzigo unangojwa. Baba alisema, "Lakini bosi, tuliongea." Akajibiwa kwamba mchele haujui Komunyo.

Sikulia. Nilikuwa na mpango. Likizo moja, nikienda kwa bibi, nilipanda lori na baba kwenda Mchombe, na njiani likaharibika. Baba alishuka, akakata matawi ya mti, akayalaza barabarani nyuma ya lori, fungu moja mbali na fungu la pili karibu, kisha akafanya vile vile mbele. Hivyo ndivyo madereva wanavyofanya gari likifa, ili anayekuja apunguze mwendo. Tulikaa pale siku mbili tukipika uji kwa maji ya mtoni, na zilikuwa siku mbili bora za utoto wangu. Tajiri alipiga simu, akaambiwa gari imekufa, akanyamaza. Mimi nikaelewa jambo moja tu, na nikalielewa vibaya: kwamba matawi yakishawekwa, lori haliondoki, na hata tajiri hana la kusema.

Kwa hiyo Jumamosi mchana, lori likiwa limeshapakiwa na limeegeshwa kando ya barabara mbele ya mashine, baba akiwa amelala kidogo kabla ya safari, nilichukua panga la mama nikaenda kwenye mitiki iliyokuwa nyuma ya nyumba. Majani ya mtiki ni makubwa kama sinia, nikaona yataonekana vizuri. Niliyaburuta mara nne. Niliyapanga kama nilivyomwona baba akiyapanga, fungu la mbali na fungu la karibu, mbele na nyuma. Kisha nikarudi nyumbani kusuka nywele, moyo mweupe kabisa.

Kumbe madereva wana adabu zao. Aliyepita akaona matawi na asimwone dereva alimpigia mwenzake aliyemjua mwenye gari, na kabla nywele zangu hazijafika nusu habari ilikuwa Dar es Salaam kwamba lori limekufa Kibaoni na dereva hayupo. Simu ya baba ilikuwa kwa kinyozi ikichajiwa. Ililia mara nyingi, na kinyozi alipoileta mbio baba alikuwa ndio kwanza anaamka. Alipokea uani. Tajiri aliuliza gari imekufa nini. Baba akasema gari ni nzima, ipo tayari, anaondoka saa kumi. "Nzima? Na majani barabarani ni ya nini? Jana unaomba ruhusa, leo gari imekufa, nikipiga simu imepona?" Baba alichungulia barabarani, akageuka, akanitazama. Majani machanga ya mtiki yakisuguliwa hutoa rangi nyekundu, na viganja vyangu vilikuwa vyekundu hadi kwenye vifundo.

Alisema ukweli. "Ni mwanangu, bosi. Alikuwa anacheza." Tajiri akacheka kicheko ambacho nikikikumbuka hata leo nakasirika. Akasema hajawahi kusikia mtu mzima akimsingizia mtoto ili ale pilau. Miaka saba baba hakuwahi kumdanganya, hata kwa lita moja ya mafuta, na sasa alipangwa na waongo kwa kosa langu. Akaambiwa akabidhi funguo. Jioni ile ile akaja deiwaka, mmoja wa wale madereva wa kushikiza wanaongoja gari lisilo na mtu, na baba alimwonyesha gia inayogoma na breki inayohitaji kukanyagwa mara mbili, kwa upole, kama mtu anayemwachia jirani mgonjwa wake. Kitambaa cha vumbi alikisahau chini ya kiti.

Hakunipiga. Mama alitaka, baba akamzuia. Alinikalisha karibu na beseni akanisugua viganja kwa sabuni na mchanga, rangi isitoke. Kesho yake niliingia kanisani katikati ya baba na mama. Nilikuwa na furaha, na sitajifanya kwamba sikuwa nayo. Lakini nilikunja vidole kuuficha wekundu, na kila lori lilipopita nje baba aligeuza kichwa kusikiliza injini. Baadaye nyumbani watu walikula pilau, Shija akaja na soda, akamtukana tajiri yule kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Baba aliitikia tu kwa kichwa. Miezi mingi iliyofuata alikuwa deiwaka yeye mwenyewe, siku mbili hapa, siku tatu pale, na hakulalamika tena hata kwa mama. Nyumba ikawa kimya. Nilikuwa mtoto, lakini nilitambua kwamba zamani alilalamika kwa sababu bado alitarajia kitu.

Leo barabara ya Kidatu hadi Ifakara ina lami, na malori yanapita Mkula yakikimbia. Mimi nakaa ofisini Morogoro mjini, katika kampuni ya usafirishaji, mbele ya kompyuta inayoonyesha kila lori kama nukta. Nukta ya kijani inatembea, nyekundu imesimama. Ikikaa nyekundu kwa muda, kazi yangu ni kupiga simu na kuuliza uko wapi, mbona umesimama. Madereva wananilalamikia, najua. Huwa najitetea moyoni kwamba mimi nawaita kwa majina, naanza na habari za safari, natoa pole. Mwezi uliopita nukta ya Festo ilisimama Mkula. Nikapiga. Akasema, "Samahani dada, nimepita nyumbani mara moja. Kesho mwanangu anapokea Komunyo na mimi nitakuwa njiani, nimesema angalau nimwone na gauni." Aliomba ruhusa mapema, na mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea bosi maombi yake yakakataliwa. Nikamwambia, "Pole, kaka Festo. Mteja anangoja, jitahidi uondoke." Baada ya dakika tano nukta ikawa ya kijani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Ifakara kuwasalimu wazee. Baba sasa kiuno hakimruhusu kukaa kwenye kiti muda mrefu, kwa hiyo tulikunywa chai akiwa amelala ubavu kwenye mkeka. Nikamsimulia habari ya Festo, sijui kwa nini, labda nilitaka aniambie kwamba kazi ndiyo ilivyo.

"Ukamwambiaje?" akauliza.

"Nilimwambia aendelee na safari."

Akapuliza chai yake, akanitazama viganja, kisha akarudisha macho kwenye kikombe.

"Mtoto wake anaitwa nani?"

Sikuwa nimeuliza.