Tarantela ya Bi Rita haitaki polepole

Siku ile mjinga alikuwa Method Rwechungura, na hatafuti wa kumsaidia kuubeba ujinga huo. "Andika tu," anasema huku akikaza waya wa gitaa. "Mjinga nilikuwa mimi."

Ni saa tisa alasiri, mwezi Mei, katika nyumba ya wazee huko Spånga, Stockholm. Vyombo vimeondolewa mezani, dawa zimemezwa, na msaidizi huyu wa wazee, mzaliwa wa Bukoba mwenye miaka 54, yuko kwenye mapumziko. Wenzake wanakunywa kahawa. Yeye anamkabili Bi Rita.

Bi Rita ana miaka 91. Alikuja Sweden msichana mbichi kufanya kazi kiwandani, akitokea kijiji cha kusini mwa Italia ambako harusi bila tarantela ni kikao tu. Ngoma hiyo huanza kwa upole, kisha huongeza kasi mpaka wachezaji waishiwe pumzi. Sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Miguu imegoma, ulimi bado uko kazini.

Aliposikia Method aliwahi kupiga gitaa la kwaya, akawa anamwimbia wimbo wa kwao kila asubuhi akivalishwa soksi. Method akaushika, akalitoa gitaa uvunguni mwa kitanda nyumbani kwake, mtaa wa Norsborg, lilikolala miaka mingi. Humo ndani, akiwagusia muziki wake, wanawe humjibu kwa Kiswidi, kisha hufunga mlango.

"Hakuna aliyewahi kuniambia, baba, tupigie," anasema. "Mtu akikuomba, hata vidole vinapona."

Siku ya kuupiga mbele ya watu, Bi Rita alianza kupiga makofi. Makofi yakashika mbio. Method akadhani bibi wa watu amepotea, akapunguza mwendo ili amsubiri, kama alivyokuwa akiwasubiri kina mama wazee wa kwaya kwao. Makofi yakazidi kukimbia, gitaa likazidi kunyata.

Célestine, Mkongo wa jikoni, akachungulia. "Grand, kaka yangu, uko unapiga muziki ao uko unazika mutu?"

Bi Rita akalikamata gitaa shingoni, likanyamaza. "Kila mtu humu ananiambia polepole," akasema kwa Kiswidi chake cha kiwandani. "Hata wewe?"

"Nilikuwa namsubiri," Method anacheka, "kumbe ananiita." Kicheko hakifiki mbali.

Tangu hapo anajifunza kukimbia. Kidole gumba kimeota sugu. Akishika kasi, Bi Rita hufumba macho na kuchezesha mabega, akitaja majina ya watu ambao Method hawajui. Method naye humuwaza mama yake, Leokadia, aliyemwacha Bukoba akiwa hodari wa kucheza. Siku hizi kwenye simu mama huzungumzia magoti.

Leo amefika mbali, ila pale wimbo unapopanda vidole vimegongana tena. Anaomba muda. Mpango wake ni kuupiga kwenye sherehe ya Krismasi, bila kosa hata moja, ukumbi umejaa. Bi Rita anautaka Jumamosi hii.

"Nipe mpaka Krismasi, Bi Rita. Nataka usikike kama wa kwenu."

"Umuache ajifunze, Mama," Célestine anamtetea. "Tutapika keki, watu watavaa vizuri."

Bi Rita anawatazama wote wawili, bila haraka.

"Krismasi utampigia nani?"