Fainali Isiyo na Mshindi

Miaka ile nilikuwa natunza wazee majumbani, kazi mbaya kwa mtu asiyejua kutulia. Mzee wangu wa mtaa wa Moseley, huko ughaibuni, Mmarekani aliyefiwa na mkewe, naye hakujua kutulia. Alizunguka sebuleni na fremu yake ya kutembelea akinisimulia mchezo wa besiboli wa kwao: zamani, ligi za kulipwa zilipokuwa changa, mabingwa wa ligi mbili walipambana mechi kadhaa kutafuta mbabe, na babu yake alicheza.

"Tulishinda," alisema kila siku.

"Ndiyo, mzee," niliitikia, jicho dirishani nikivizia basi.

Kwetu Kenya nililelewa hivyo: mtu mzima habishiwi. Lakini kadiri nilivyoitikia ndivyo alivyonuna. Asubuhi moja akagonga meza. "Nikisema babu yangu alikuwa twiga, utasema ndiyo?"

Nilikasirika. Heshima si utumwa. Nikamwambia hadithi yake haiingii akilini: kwa maneno yake mwenyewe, mechi moja ilikatizwa na giza ikawa sare, nyingine timu ya babu yake ilimgomea refa, ikatoka uwanjani, ikahesabiwa imeshindwa. Ushindi ulitoka wapi?

Alicheka hadi akashika ukuta. "Hapakuwa na mshindi. Walibishana tu, kila upande ukajitangaza. Watoto wangu niliwadanganya." Tangu hapo tukawa tunabishana kila asubuhi, nami nikaacha kuvizia basi.

Kisha binti yake akaja kutoka London kuamua kama baba abaki nyumbani mwake au ahamishiwe nyumba ya wazee, Northfield. Mzee alikuwa ameshaniambia: wakimtoa pale, atakufa. Binti akampima kumbukumbu kwa hadithi aliyosimuliwa naye utotoni.

"Baba, ile fainali nani alishinda?"

"Hakuna."

Macho ya binti yakajaa machozi. "Hata hii amesahau."

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. "Hajasahau, dada. Ni kweli, hapakuwa na mshindi."

"Wewe humwitikia kila kitu," akanikata. "Aliniambia mwenyewe kwenye simu."

Mzee akatutazama, akazitazama kuta zake.

"Nilikuwa nakutania, mwanangu," akasema. "Tulishinda."

Binti akamkumbatia, akalia kwa furaha, na jioni akarudi London. Mzee akabaki Moseley.

Kesho yake nilimchokoza kuhusu refa, nikitamani ubishi wetu. Alikataa. Aliniomba nimsikilize tu akirudia: tulishinda, tulishinda. Aliogopa asije akakosea binti atakaporudi.