Mashine Mpya Haigusi Maji

Naandika nikiwa nimekaa ndani ya boti yangu mpya hapa Salale, na sitaki kuongea na mtu.

Wiki mbili nzima tumebishana nyumbani: tununue mashine ya boti ya kabureta au ya injeksheni?

Mjomba Saidi anataka kabureta. Anasema ikizima huko kwenye mikoko unaifungua kwa spana, unapuliza uchafu, unaondoka.

Mimi nataka injeksheni, ile inayojipimia mafuta yenyewe. Haili sana petroli na haikutoi jasho kuiwasha.

"Na petroli yetu hii ya kwenye madumu, yenye maji?"

"Nitaichuja, Mjomba."

Tukanuniana siku tatu. Nikashinda.

Leo nimeitoa Kibiti. Majirani wamejaa kutazama. Tumeifunga nyuma, kwenye tezi, nikawasha. Ikaitika mara moja. Nikamtazama Mjomba, nakiri, kwa maringo kidogo.

Boti haikusogea.

Pangaboi linazunguka juu ya maji, linapunga upepo.

Kumbe fundi aliyeunda boti alipima kimo cha tezi kwa mkono wake, kama kawaida yake, na ana mkono mrefu kweli; tezi ikatoka juu mno. Na mimi dukani niliulizwa, "Shafti fupi au ndefu?" Nikajibu yoyote, mradi mashine iwe injeksheni; nikapewa fupi, nayo haifikishi pangaboi majini.

Sasa sikieni alichosema Mjomba, halafu mniambie kama ningekosea kumtosa mtoni.

Aliinama. Akaangalia pangaboi, akaangalia maji, akakohoa.

"Ungechukua kabureta."